Ruta ya Pili Nyumbani kwa Bibi Kokubanza

Kijiji cha Kaisho hakiamki kwa pupa. Asubuhi ukungu hulala juu ya migomba, hujinyoosha, kisha huondoka polepole kama mgeni asiyetaka kuaga. Majogoo huwika bila kuonekana. Ng'ombe wa jirani utawasikia tu, hutawaona. Ukisimama uani saa hizo, unaweza kudhani dunia nzima ni kibanja chako cha migomba na nyumba yako.

Sperancia aliipenda saa hiyo. Alikuwa akigeuza kahawa kwenye chanja, mkono ukienda na kurudi, huku mawazo yakiwa mbali. Mumewe, Melkiory, alikuwa amemzoea. Akimwita asiitike, husema, "Mke wangu kasafiri tena." Kisha humngoja arudi.

Siku hizo Sperancia alikuwa akisafiri hadi Ujerumani. Huko aliishi shemeji yake, Winston, mdogo wake Melkiory, akifanya kazi ya uuguzi. Mke wa Winston, Jovitha, mzaliwa wa Rugu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Sperancia alimwona mtoto huyo kila alipogeuza kahawa. Alimwona amelala kwenye blanketi, na nje theluji inaanguka kimya. Theluji hakuwahi kuiona. Aliwaza kuwa labda ni ukungu uliochoka kutembea, ukaamua kukaa chini.

Mtoto alikuwa na jina la ubatizo, Agnes. Jina la ukoo hakuwa nalo bado. Katika familia ile, jina hilo hutolewa na mkubwa wa nyumba. Na mkubwa aliyebaki alikuwa mmoja tu, Bibi Kokubanza, mama yao Melkiory na Winston.

Bibi Kokubanza aliishi katika nyumba yake ya zamani, chini bondeni. Juu yake, upande wa barabara, ilikuwa nyumba kubwa ya Melkiory. Kati ya nyumba hizo mbili ilisimama migomba minene, mashina yamejaa maji. Bibi aliweza kutembea, lakini macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema ni presha ya macho. Alimwandikia dawa ya matone, akasema wazi: "Dawa hii inapunguza kasi tu. Kilichopotea hakirudi. Ugonjwa huu hauumi, ndiyo maana watu huchelewa. Nyinyi wengine mje mpimwe mapema."

Sasa Bibi aliona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Pembeni kote kulikuwa giza. Na tundu lenyewe lilikuwa linazidi kuwa dogo.

"Nataka nimwone huyo mtoto kabla mlango haujafungwa," alisema.

Sperancia alimletea picha kwenye simu. Bibi aliisogeza karibu kabisa na pua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini ananitazama mimi huyu?"

"Hapana, mama. Anamtazama aliyempiga picha."

"Basi chukua simu yako. Jina hupewa mtu anayekutazama. Baba mkwe wako aliwatazama wanangu wote machoni, humu humu ndani, wamelazwa juu ya nyasi za nyumba hii. Mimi nami nitatoa jina humu humu. Kwenye makochi yenu siendi."

"Kwa nini, mama? Tutakushika mkono. Si mbali."

"Makochi ni ya kunywea soda. Jina si soda."

Haya. Mkwe akishasema hivyo, wewe mkamwana utasema nini?

Intaneti nyumbani ilikuwepo. Melkiory alikuwa na duka la mabati na misumari pale senta, na mizigo yake aliagiza kwa simu. Kampuni moja ndogo ilimfungia antena juu ya paa, ikashusha waya hadi sebuleni, ikaacha kiboksi cheupe chenye taa za kijani. Hiyo ndiyo ruta. Mafundi walipoondoka, Sperancia alikaa akiitazama. Taa zilipepesa, zikapepesa. Aliona ni kitu kinachofikiri.

Na kwa Sperancia, kitu cha heshima hakikai ovyo. Alifungua kabati la vioo, lile la vyombo vya wageni. Akaiweka ruta ndani, kati ya birika kubwa na masinia ya bati. Waya akaupitisha nyuma. Juu yake akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni. Kisha akafunga kabati kwa ufunguo. Melkiory aliporudi kutoka dukani alisifu sana. "Imekaa kama bibi harusi," alisema.

Melkiory naye alikuwa na yake. Stoo ya duka ilipojaa, alileta mabati nyumbani. Aliyaegemeza kwa nje kwenye ukuta wa sebule, upande ule unaotazama kwa Bibi. Wala hakuna aliyewaza kwamba mabati na intaneti havipatani.

Jumapili moja baada ya misa, walijaribu. Sperancia alikata nyasi mbichi akazitandaza chini nyumbani kwa Bibi, kama desturi. Nyumba yote ikanukia mvua. Bibi alijifunga kitenge kipya, akaketi. Sperancia akapanda hadi sebuleni, na Winston akapiga simu ya video. Picha ilikuwa safi. Sperancia akamsalimia shemeji yake, akashika simu kwa mikono miwili na kuanza kushuka bondeni.

Alipofika katikati ya migomba, sauti ilianza kukatika. Alipofika mlangoni kwa Bibi, uso wa Winston uliganda, mdomo wazi. Akazima waifai, akajaribu bando la simu. Ebo! Kule bondeni mtandao wa simu nao huja ukipenda.

Bibi aliichukua simu akaitazama. "Mbona mwanangu hafungi mdomo?"

"Mtandao umekwama, mama."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya Winston. Hajaonekana."

Bibi alipapasa nyasi kwa kiganja. "Sawa," alisema. "Hizi zikinyauka, mtakata nyingine."

Sperancia alitoka nje, akasimama kati ya migomba, akalia. Hakulia kwa ajili ya siku ile tu. Aliogopa kwamba intaneti itakuja kukaa vizuri siku ambayo macho ya Bibi yamekwisha.

Melkiory hakupenda kumwona mkewe analia. Kesho yake alikwenda mjini Omurushaka. Alirudi na boksi linalong'aa, uso umejaa furaha. Ndani yake mlikuwa na ruta nyeusi yenye antena nne zilizosimama kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka.

"Muuzaji kaniambia hii inapiga mpaka Uganda!" alisema. "Kwa mama tu itashindwaje?"

Alifungua kabati, akachomoa ruta nyeupe ya kampuni, akachomeka ile nyeusi. Taa zikawaka nyingi, za kupendeza. Intaneti haikuja. Akangoja. Haikuja. Akarudisha ile nyeupe, lakini alikuwa ameshakasirika. Akakumbuka maneno ya mtu mmoja sokoni, kwamba ruta ikizubaa, tia sindano kwenye kile kitundu cha nyuma, bonyeza, shikilia. Akatia sindano. Akashikilia.

Taa zote zilizimika. Zilipowaka tena, taa ya intaneti ilikuwa nyekundu. Sasa hata sebuleni hakukuwa na intaneti. Haraka haraka haina baraka, wahenga walishasema, ila hawakusema lolote juu ya sindano.

Jioni ile Sperancia alimpelekea Bibi chai. Aliweka kikombe mezani, mbele yake. Bibi akanyoosha mkono, ukapita pembeni, ukakipiga kikombe kikaanguka. Sperancia alifuta meza. Winston alikuwa amesema Jumapili ijayo ndiyo siku pekee ambayo yeye na Jovitha wote watakuwa nyumbani mchana. Baada ya hapo zamu zao zingepishana kwa muda mrefu.

"Hodi wenyewe!" sauti iliita uani, Sperancia aliporudi nyumba kubwa.

Alikuwa Mwalimu Joviness, jirani yao, anayefundisha kompyuta shule ya sekondari. Kila jioni huja na kidumu chake kuchukua maziwa.

"Karibu, mwalimu," Sperancia alisema, lakini sauti ilikuwa ya kilio.

"Mama Evelyn, kuna nini?"

Akamweleza yote. Evelyn, binti yao, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza mambo ya mitambo. Melkiory alikuja akasimama mlangoni, sindano bado mkononi.

"Pole, shemeji," Joviness alisema. Alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo. "Umenunua dawa kabla ya kupima ugonjwa. Lakini hakijaharibika kitu. Tuanze mwanzo."

Aliweka kidumu chini, akaketi.

"Intaneti ya nyumbani ni mambo mawili. La kwanza ni ile inayokuja kutoka kwa kampuni hadi kwenye ruta. La pili ni ile inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye simu zenu. Hiyo ndiyo waifai. Fikirini maji. La kwanza ni bomba linalofika uani. La pili ni ndoo inayopeleka maji jikoni."

Sperancia alifikiri. "Siku ile sebuleni picha ilikuwa safi. Kwa hiyo bomba lilikuwa zima. Ndoo ndiyo ilikuwa inavuja njiani."

"Umesema vyema. Kipimo ndicho hicho. Kaa karibu kabisa na ruta, ujaribu. Ikiwa mbovu hata hapo, piga simu kwa kampuni. Hata ukinunua ruta ya dhahabu haitasaidia. Ikiwa nzuri hapo na mbaya kwingine, basi tatizo ni la humu nyumbani."

"Na hii taa nyekundu?" Melkiory aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kile kitundu kinaifanya ruta isahau kila kitu. Ruta ya kampuni yenu hujitambulisha kwa jina na neno la siri, kama mtu anayebisha hodi. Sasa imesahau jina lake. Hata ile nyeusi ilishindwa kwa sababu hiyo, haikujua iseme nini mlangoni. Tuwapigie wenyewe."

Walipiga simu ya huduma, wakaweka spika. Dada wa kampuni alimwuliza Melkiory jina lake na namba ya mteja, kisha akamwongoza Joviness hatua kwa hatua. Taa ikawa njano. Ikawa kijani. Melkiory alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

Joviness hakukata simu. "Dada, hii ruta nyeupe ni ya nani?"

"Ni mali ya kampuni," dada alijibu. "Mteja akiacha huduma, anairudisha. Asiiuze wala asiifungue."

"Tukitaka kuongeza ruta yetu wenyewe, mnaruhusu?"

"Tunaruhusu. Mnaweza kuiunganisha na hii. Hata kuibadilisha mnaweza, tutawapa maelezo. Ila yetu muitunze. Siku mkiwa na shida, tutaomba muirudishe kwanza tupime nayo."

"Umesikia, shemeji?" Joviness alisema alipokata simu. "Kampuni nyingine hazikubali kabisa. Nyingine ruta zao hufanya kazi kwa laini ya simu iliyofungwa humo humo. Kila kampuni ina utaratibu wake. Kuuliza si ujinga. Uliza kabla ya kununua." Kisha akasimama. "Sasa mnionyeshe hiyo nyeupe inakaa wapi."

Sperancia alifungua kabati kwa fahari, akafunua kitambaa taratibu.

"Mama Evelyn!" Joviness alishika kiuno. "Umeifunika?"

"Vumbi, mwalimu."

"Ruta ina joto. Inapumua kwa matundu haya ya pembeni. Na mawimbi yake ni kama sauti ya mtu. Wewe umemwingiza mtu kabatini, ukamzungushia masinia, ukamfunika, ukafunga kwa ufunguo. Halafu unataka akiita asikike kwa Bibi!"

Sperancia alijishika mdomo. Kisha akacheka, akacheka hadi akakaa chini. Ulikuwa muda mrefu hajacheka. Joviness alitoka nje akazunguka nyumba, na mara wakamsikia akipiga bati kwa kiganja, bam bam.

"Na haya ni ya nani?"

"Kumbe na mimi nimo," alisema Melkiory.

Waliyahamisha mabati siku ile ile. Ruta wakaiweka juu, kwenye rafu ya mbao, mahali pa wazi, mbali na jokofu na vyombo vya bati. Sperancia alishuka bondeni na simu. Sasa picha ilifika mpaka mlangoni kwa Bibi bila kukatika. Lakini alipoingia ndani, ikaganda tena.

"Ni migomba," Joviness alisema. "Mgomba umejaa maji, na maji hunywa mawimbi. Ukuta nao unachukua sehemu yake. Hapa ruta moja haitoshi. Sasa hiyo nyeusi imepata kazi."

"Tuiweke badala ya nyeupe?" Melkiory aliuliza.

"Hapana. Nyeupe ibaki hapa. Nyeusi iende kukaa kwa Bibi. Tutaziunganisha kwa waya."

"Lakini pale dukani niliona vidude vya kuchomeka ukutani, vya kurudia mawimbi. Havitafaa?"

"Vinafaa ndani ya nyumba moja. Lakini kidude kile ni kama mtu anayerudia alichosikia. Akisikia nusu, atarudia nusu. Waya hausumbuliwi na mgomba wala ukungu. Nunua waya wa intaneti wa kutumika nje. Usizidi mita mia moja, ukizidi hapo nguvu inapungua. Na kutoka hapa hadi kwa Bibi haifiki hata nusu ya hapo."

Basi wiki ile kibanja kilikuwa na kazi ya aina yake. Melkiory alichimba mfereji kati ya migomba, akiikwepa mizizi. Waya waliupitisha ndani ya bomba la plastiki ili jembe lisiukate, kisha wakafukia. Sperancia alifukia kwa miguu, taratibu, na huku akifukia aliwaza uso wa mtoto ukipita chini ya udongo ule, chini ya migomba, ukielekea kwa Bibi. Wazo hilo lilimpendeza sana. Hata Melkiory alipomwita, hakusikia.

"Kasafiri," Melkiory alimwambia Joviness.

Siku ya kuunganisha, Joviness alikaa nyumbani kwa Bibi na kompyuta yake mapajani. Bibi alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyokaribishwa. Joviness akatafuna huku akibonyeza.

"Mnaona," alisema, "ruta kazi yake moja ni kugawa namba. Kila simu ikiingia, inapewa namba yake ndani ya nyumba. Anayegawa awe mmoja. Wakigawa wawili, simu zinachanganyikiwa."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Bibi alisema.

"Ndivyo hivyo, Bibi. Kwa hiyo huyu mweusi nimemwambia asigawe. Aeneze tu anachopewa na mweupe. Na nimempa jina lile lile la waifai ya nyumba kubwa, na neno la siri litakuwa moja, ili simu ikitoka kule ikaja huku ijiunge yenyewe."

Kisha akaigeuza ruta chini juu, akawaonyesha karatasi iliyobandikwa. "Hili neno la siri lililoandikwa hapa, mtu yeyote akigeuza ruta analisoma. Tunalibadilisha. Na lile la kuingilia kwenye mipangilio nalo tunalibadilisha. Mnataka neno gani?"

"Evelyn," Melkiory alisema mara moja.

"Kaisho nzima inajua jina la mwanao, shemeji."

Walicheka. Mwishoni Sperancia aliunga maneno manne yasiyohusiana, pamoja na tarakimu, akayakariri kichwani. Joviness akaruhusu pia ruta ijisasishe yenyewe, akisema programu iliyozeeka ni mlango usio na komeo. Kabla ya kuondoka alikumbusha jambo moja zaidi, na hapo hakucheka.

"Huku kwetu radi haina mchezo. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, chomoeni. Umeme mchomoe, na huu waya wa intaneti pia, pande zote mbili. Na ule wa antena ya paa. Msingoje."

Jumapili ilifika. Nyasi mpya zilitandazwa. Bibi alijifunga kilemba, akaketi chini, mgongo umenyooka. Sperancia alikaa kando yake akishika simu. Joviness alialikwa naye. Melkiory alibaki nyumba kubwa, karibu na ruta nyeupe, kama walivyopatana.

Winston akapiga. Picha ikaja, safi, ndani kabisa ya nyumba ya Bibi. Winston alikuwa na mdomo unaofunguka na kufungika.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mtoto yuko wapi?"

Jovitha akaonekana, akapiga goti la heshima kule kule Ujerumani, akamsalimia mkwe wake kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani. Mikononi alikuwa amembeba mtoto. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Nimwamshe, mama?"

"Usimwamshe. Mtoto haamshwi. Tutangoja."

Wakangoja. Huku wanatafuna kahawa, kule dirishani anga jeupe, na katikati kifua kidogo kinapanda na kushuka. Picha haikukwama hata mara moja. Sperancia hakujua tena kama yuko Kaisho au yuko kule. Alijihisi yuko mahali pa tatu, pasipo na jina, ambapo watu wote wa nyumba ile wamekaa pamoja.

Ndipo ngurumo ikasikika, mbali, upande wa milima.

Sperancia alimtazama Joviness. Moyo wa Sperancia ulimwambia, ngoja kidogo, mtoto ataamka sasa hivi. Alitamani sana kuusikiliza moyo wake.

"Mama," alisema. "Ngurumo. Inabidi tuchomoe."

"Chomoeni," Bibi alisema.

"Na Winston zamu yake inaanza jioni. Mvua ikikawia..."

"Nimekwambia chomoa, mwanangu. Radi haina adabu."

Sperancia akamwambia Winston wasiondoke. Kisha akampigia mumewe kelele kupitia migombani, naye akaitikia. Huku wakachomoa, kule akachomoa. Uso wa mtoto ukazimika.

Mvua ikaja na kelele zake zote. Radi ilipiga mahali fulani kilimani, ukuta ukatikisika. Bibi alikaa macho wazi, akitazama mahali simu ilipokuwa. Sperancia alimshika mkono. "Naogopa, mama," alimwambia. Hakuwahi kumwambia mkwe wake neno kama hilo.

"Hata mimi," Bibi alijibu.

Mvua ilipiga, ikachoka, ikaenda zake kwa watu wengine. Migomba ilidondosha matone. Walingoja mpaka ngurumo haisikiki tena, na bado wakangoja. Ndipo Melkiory akachomeka, na Sperancia akachomeka. Taa zikapepesa. Njano. Kijani. Simu ikajiunga yenyewe, na papo hapo ikaita.

Mtoto alikuwa ameamka. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi, yametulia.

"Nisogezee," Bibi alisema. "Hapana. Kushoto. Rudi. Hapo!"

Uso wa mtoto ulikuwa umeingia wote kwenye lile tundu dogo lililobaki. Bibi hakupumua. Mtoto aliutazama uso wa Bibi, akakunja paji, akafungua kiganja.

"Ananitazama," Bibi alinong'ona. Machozi yalimshuka, hakuyafuta, asije akampoteza. "Ana paji la baba yenu. Jamani, ana paji la baba yenu! Kemilembe. Wewe ni Kemilembe, mtoto wa amani. Mimi Kokubanza nimekuita hivyo, ndani ya nyumba yangu."

"Kemilembe," Winston na Jovitha waliitikia. "Kemilembe," waliitikia Sperancia na Joviness. Melkiory aliyekuja mbio kupitia migombani, matope hadi magotini, aliitikia akiwa mlangoni.

Sasa ruta nyeusi inakaa kwenye rafu nyumbani kwa Bibi, wazi, bila kitambaa. Ngurumo zikianza, Sperancia huchomoa bila kuambiwa. Majirani wawili wamekuja kuuliza habari za waya na mabati, na Melkiory huwaeleza kwa kirefu kana kwamba aliijua kazi hiyo tangu tumboni. Kila Jumapili Winston hupiga. Kemilembe ameota meno, amesimama, ameanza kuita.

Macho ya Bibi yalizimika kabisa wakati wa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Jumapili iliyofuata, Winston alipopiga, alimwona mama yake anaelekeza uso pembeni ya simu.

"Mama," aliuliza polepole, "unamwona mtoto?"

"Mimi nilishamwona," Bibi Kokubanza alisema. "Sasa ni zamu yake kuniona. Sperancia, hebu ninyooshee kilemba."